Swali la Kumi na Nne

Fomu ina kurasa sita. Najaza kwa kalamu ya kuazima.
Jina la mtoto: Mbaraka. Umri: miaka sita na miezi minne.
Uzito alipozaliwa: kilo mbili na robo,
sawa na pakiti tisa za chewa tulizokuwa tukifunga kiwandani.

Kisha swali la kumi na nne:
je, uliugua ukiwa mjamzito? Ugonjwa gani? Wiki ya ngapi?

Nje ya dirisha la kliniki shakwe wa Grimsby
wanagombea mfuko wa chipsi.
Mbaraka anawahesabu kwa sauti,
kumi na moja, kumi na moja, kumi na moja,
hataki kufika kumi na mbili.

Niliugua. Februari, wiki ya ishirini na sita,
homa ya kugonganisha meno
kama vijiko katika droo.
Siku ya kwanza nilikwenda kazini hivyo hivyo,
glavu mbili, koti jeupe, barafu hadi kiwiko,
maana wakala alisema asiyekuja leo asije kesho.
Ya pili nikalala. Ya tatu nikanywa tangawizi,
nikajifunga leso, nikamwambia aliyekuwa ndani:
vumilia, baba, mama yako anachemka kidogo.
Akapiga teke.
Nikadhani ni jibu.

Usiku wa degedege la kwanza nilimpigia mama simu, Muheza.
Huku saa tisa za usiku, kwao kunapambazuka.
Mtoto kageuza macho, mkono wa kushoto unapigapiga
kama bawa lililonaswa.
Mama akauliza: "Ndege gani alipita juu ya nyumba
mimba ikiwa changa?"
Mama, nikasema, hapa ndege ni shakwe, wanapita kutwa kucha,
ingekuwa ni wao mji mzima ungetetemeka.
Akanyamaza. Kisha: "Basi ulikosa nini?"

Daktari Ellwood hataji ndege.
Anataja kifafa, anataja usonji,
anasema mwili wa mama unapopigana na homa
huenda cheche zikavuka kondo, zikamfikia mtoto.
Huenda.
(Kondo. Wazee wetu kwa neno hilohilo waliita vita.)
Anasema wamehesabiwa akina mama maelfu kwa maelfu,
na kwa waliougua, watoto kama Mbaraka wamezidi kidogo,
kidogo tu, na wengi mno wamezaa watoto
wanaopanda baiskeli bila kufikiri.
"Kufuatana si kusababisha," anasema. "Hukukosa kitu."
Anasema polepole, kama mtu anayepanga sahani
usiku, wengine wamelala.

Mmoja ananiuliza nini kilipita juu yangu,
mwingine nini kilipita ndani.
Tumbo langu limeitwa shahidi
miaka sita baada ya kuhamwa.

Na wakala, nani atamuuliza?
Kisanduku gani cha kuandika barafu, saa nane za kusimama,
choo kwa ruhusa?
Lakini hata hili nalisema kwa hasira, si kwa ushahidi.
Mwajabu wa meza ya pili aliugua homa ileile,
naye mimba miezi sita, barafu ileile.
Binti yake anasoma vitabu vinene kuliko kichwa chake.
Sina la kumfanya binti huyo ila kumpenda,
na siku nyingine hilo pia ni kazi.

Muuguzi anaita jina langu, analivunja vipande vitatu:
Siku. Dha. Ni.
Naitika. Hajui kwamba ameshanijibia.

Naandika: Homa. Siku tatu. Wiki ya ishirini na sita.
Kisanduku kimejaa.
Pembeni, ambako hawakuacha nafasi,
kwa herufi za kubana, naongeza:
alipiga teke.

Dirishani bado ni kumi na moja.