Visanduku Ishirini

Fomu ina visanduku ishirini.
Vinane vya mwanzo ni siku uliyozaliwa,
na hapo hapo Byamungu alikwama, kalamu hewani,
kama mtu aliyeulizwa uzito wa kivuli chake.
"Mama alisema ni msimu wa maharage, Mwalimu.
Mwaka ule daraja lilipokwenda na maji."
Nikamwambia, acha wazi.
"Na hivi kumi na viwili vingine?"
Nikajifanya natafuta miwani,
nayo iko usoni.

Nafundisha udereva Temeke, mwaka wa kumi na tisa huu,
kwa Starlet yenye breki mbili, ya mwanafunzi na yangu.
Kwa Byamungu, yangu sikuigusa hata siku moja.
Huko kwao ng'ambo ya ziwa aliendesha lori la magogo
tangu mguu haujafika vizuri kwenye klachi.
Alichokuja kutafuta ni karatasi.
Karatasi ninayo: cheti changu, muhuri wangu wa zambarau.
Ila trafiki haulizi cheti cha Bi Tunu.

Mpwa wangu Shafii leseni anayo.
Bado inanukia plastiki.
Ukuta wa madrasa ameshauparamia mara mbili,
mara ya pili akiutazama.

Byamungu akapata kazi ya mikate, Vingunguti,
kirikuu cheupe, saa tisa za usiku,
saa ambayo kofia nyeupe bado zimetundikwa misumarini.
Jiji zima halikuwa na dereva mtiifu kama yeye.
Indiketa kwenye kichochoro kitupu.
Taa nyekundu ya Tazara, barabara haina hata paka,
yeye kasimama, mikono miwili juu ya usukani.
Nikamtania: unamsubiri nani?
"Mwenye leseni ana ruhusa ya kukosea, Mwalimu.
Mimi hiyo sijapewa."

Usiku ule, karibu na Buguruni Sheli,
gari la vioo vyeusi lilimkumba mama mfagia barabara,
likapunguza mwendo,
likafikiri,
likaondoka.
Mwenye gari lile, naapa, leseni alikuwa nayo.

Byamungu alishusha kreti sita kando ya lami,
akamlaza yule mama juu ya magunia matupu ya unga,
akaenda Amana taratibu, indiketa ikiwaka.

Mapokezi wakataka PF3.
Askari akaja na kalamu yake.
"Nani kamleta?"
"Mimi."
"Jina?"
"Byamungu."
"Vya Mungu? Mimi nauliza vya serikali."
Akanyoosha kiganja.

Sikuwapo. Haya nimeyapata kwa muuguzi wa zamu,
naye anasema hakukimbia.
Alisema tu, "Afande, niegeshe vizuri kwanza,
nimeziba njia ya machela."
Akaegesha. Rivasi moja, sambamba na ukuta,
kama nilivyomfundisha.
Hapana. Kama nilivyomkuta akijua.
Akavuta hendibreki, akaacha ufunguo juu ya dashibodi.
Askari alipomaliza kuandika tarehe
gari lilikuwepo.

Yule mama yu hai. Anatembelea gongo,
na kila anayemuuliza kuhusu ajali
anamwambia habari za harufu ya mikate.
Mwenye bekari ananidai mimi kreti sita.
Nimemlipa nne.

Jana kaja mwanafunzi mpya, binti wa kaunta benki.
Akajaza visanduku vyote ishirini bila kuinua kichwa,
huku anaongea na simu.
Tukaingia kwenye Starlet. Kiti kiko nyuma kabisa,
kilipoachwa na miguu ile mirefu.
Nikainama kukivuta mbele.
Reli zina kutu, kikagoma.
Nikamwekea mto mgongoni,
tukaondoka hivyo hivyo,
mguu wangu juu ya breki yangu
njia nzima.