Zulia la Gunvor

Gunvor alipoondoka alichukua zulia,
lile jekundu la sufu, na mapazia mawili,
na rafu ya vitabu ya upande wa kaskazini.
Sikulalamika. Haki yake.
Lakini jioni ile nilipoweka santuri
matoazi yalipanda ukutani kama paka aliyemwagiwa maji,
yakashuka, yakapanda tena.

Spika zangu hazina uso.
Nilizitengeneza mwenyewe: nguzo mbili za mbao,
mdomo ukitazama dari,
na juu ya mdomo pia ya shaba, kichwa chini,
ili sauti ikiigonga imwagike kote,
mbele, nyuma, hadi jikoni.
Shemeji Ingemar huzicheka:
“Spika ya kweli hukunyooshea kidole.”
Kwake kuna kiti kimoja tu.
Sogea shibiri mbili,
mwimbaji keshakimbilia spika ya karibu.
Kwangu hakuna kiti cha mfalme.
Gunvor alisikilizia mlangoni, akimenya viazi,
na kinanda kilikuwa kinanda.

Kuta zina masikio, twaambiwa.
Kaa Härnösand mwezi wa Januari,
theluji ikishameza kila mlio wa nje,
utajua zina na vinywa,
na kila mmoja na lafudhi yake:
kioo hubwata,
plasta hurudia neno la mwisho,
kona hukusanya besi kama vumbi.
Spika yenye uso huzipita kuta kama haizijui.
Zangu huzisalimu zote,
na ukisalimu, sharti usubiri kuitikiwa.

Nina klarineti iliyorekodiwa redioni
katika chumba kilichovikwa sufu hadi darini,
sauti kavu kama mkate wa juzi.
Ikifika kwangu huazima sebule yangu, ikavaa,
ikapendeza.
Ila kwaya ya kanisa la mawe
huja na kanisa lake mgongoni.
Zulia lilipokuwepo, kanisa lilipata pa kukaa.
Sasa vyumba viwili vyagombea wimbo mmoja,
vinauvuta huku na huku
mpaka maneno yanachanika.

Nilisogeza nguzo mkono mmoja kutoka ukutani.
Nikatundika blanketi.
Nikaazima godoro kwa Ingemar; akacheka tena, akalibeba mwenyewe.
Nikapima, nikaandika daftarini
sauti inachukua muda gani kufa hapa.
Kila namba ilisema jambo lile lile.
Nikasingizia kipimo.

Jumamosi alikuja kuchukua taa ya kusomea.
Hakuingia. Alisimama pale pale mlangoni,
theluji ikiyeyuka mabegani,
akalitazama godoro, akanitazama mimi,
akagonganisha viganja mara moja, pa!
kama tulivyofanya siku ile ya kukagua nyumba,
kabla hatujawa na kitu cha kuweka ndani.

Chumba kikajibu kabla yangu.