Mbuzi Yangu Iko Chake

Walikuja Jumanne, nimekwisha kuanua karafuu,
kijana Shaame na binti mmoja wa Mkoani,
wana daftari, wana futi ya kupimia, wana adabu.
Mfunguo Nne, wakasema, pale ngomeni Chake
tunafungua maonesho: Jiko la Pemba.
Tunaomba vyombo.
Si kununua, bi mkubwa. Kuazima.

Nikawatandikia jamvi, nikawaletea maji.
Chungu walikwishapata Kiuyu,
kinu wamepewa Ole, na mchi wake,
kawa la ukili limetoka Kojani.
Kilichobaki, wakasema, macho yao
yameshafika nyuma ya mlango, penye kiza,
ilipokaa mbuzi ya mama yangu.

Ubao wa mfenesi, una bonde katikati
lililochimbwa na makalio ya wanawake watatu:
Bi Mize, aliyeipata pamoja na mume,
mama, aliyeirithi kwa ugomvi,
na mimi, ambaye sikuulizwa.
Ulimi wake wa chuma umenolewa, ukanolewa,
hata umekuwa mfupi kama ahadi.

Shaame akaandika: Mbuzi, moja. Miezi mitatu.
Akanipa risiti yenye muhuri.
Jioni mjukuu wangu Hamdu akalia:
Bibi, wamemchukua yupi? Yule mweupe?
Nikamwambia, anayekula majani yupo bandani,
iliyoondoka ni ile inayokula nazi.

Siku ya kufunguliwa nilivaa buibui la Idi.
Mlangoni pamebandikwa karatasi:
ziara saa nne, ziara saa nane, wanafunzi bure.
Nikaingia na wanafunzi.

Nikaikuta. Wallahi, sikuitambua mara moja.
Imepakwa mafuta, imewekwa juu ya kitambaa cheupe,
taa inaimulika utosini kama bibi arusi,
na kamba nyekundu mbele yake, watu wasimkaribie.
Chini pana maandishi. Nikayasoma polepole,
ngumbaru haikunifundisha mbio:
Mbuzi. Kifaa kilichotumiwa zamani kukunia nazi.

Kilichotumiwa.
Zamani.
Asubuhi ile ya Jumanne, kabla hawajabisha hodi,
nilikuna nazi mbili za mchuzi wa pweza.
Zamani hiyo ina siku kumi na tisa.

Mtoto mmoja, meno ya mbele hana, akauliza:
Mtu anakaaje hapo?
Binti wa Mkoani akaeleza kwa mikono,
kaishika nazi ya hewani kama anayeshika simu.
Sivyo, nikasema.
Sikukusudia kusema kwa sauti.

Kisha nikainyanyua kamba, nikapita chini yake,
magoti yakalia, nikakaa.
Ubao ukanijua.
Shaame kaja mbio, mdomo wazi, neno halitoki.
Nileteeni nazi, nikasema.

Iliyokuwepo ilikuwa ya plastiki,
imeletwa kwa boti kutoka Unguja.
Plastiki! Na nje ya ukuta minazi imesimama
inatuchungulia dirishani.
Mwalimu akamtuma mvulana sokoni.
Tukangoja. Hakuna aliyezungumza,
ila yule kibogoyo mdogo, alikuja akachuchumaa
karibu yangu kabisa, akitazama ulimi wa chuma.

Nazi ikaja. Nikaivunja kwa jiwe la mlangoni,
maji yake nikampa yeye.
Nikakuna. Sauti ile, kwaru, kwaru, ikapanda ukutani,
na harufu ikatoka ikatembea chumba hadi chumba,
ikapita kwenye visahani vya Kichina vilivyovunjika,
ikapita kwenye mizani ya karafuu iliyokosa jiwe,
na mzee anayekata tiketi akaacha meza yake
akaja kusimama mlangoni, asiseme kitu.

Wiki ya pili nikasikia wamefuta kwa kalamu
wakaandika juu yake: kinachotumiwa.
Herufi zimepinda, lakini zinasomeka.
Nyumbani nakunia ya jirani, Bi Riziki,
ubao wake mrefu, unaniumiza nyonga,
na wali, sijui, hauniitiki.

Na ile karatasi ya mlangoni imeongezwa mstari:
Alkhamisi, saa nne, Bi Bikombo atakuna.
Basi na mimi sasa nina saa za kufunguliwa.
Ijumaa sifunguliwi.