Jezi Namba Tisa

Mimi ndiye hufua jezi za timu hapa Bukhungu.
Tope la Mumias nalijua kwa rangi,
damu ya pua, damu ya goti.
Hii ya Jumatano, kwenye mkono wa kulia,
haikuwa ya mechi.
Hakukuwa na mechi.

Mwenyekiti akanong'ona: Nasambu, loweka.
Tuna fainali.

Kesi imeahirishwa mara ya tatu, yeye yuko kambini,
na Jumapili uwanja mzima huliimba jina lake.
La Kageha halitamkwi. Anakunywa uji kwa mrija,
taya limefungwa waya.

Sikuiloweka.
Iko chini ya godoro, ndani ya mfuko wa unga,
kavu,
na namba yake mgongoni.
Hakimu akiniita, nauli ninayo.