Jiwe ni la Nje

Uwanja wetu wa Majengo umelala juu ya moto uliopoa.
Chimba kiganja kimoja tu, utagonga mlima.
Ndiyo maana huku hatuchezi kwa kuteleza:
goti likigusa chini
linabaki na weusi wake hadi siku ya harusi.

Na kwenye mstari wa mashariki,
hatua tisa kutoka katikati, kuna jiwe.
Vijana wa mwaka ule walilipiga nyundo,
mpini ukavunjika, wakaliacha.
Kamati ikaketi saa tatu nzima,
watu kumi na mmoja, soda mbili,
ikaandika: *Jiwe ni la nje. Mpira ukiligusa, umetoka.*
Katibu Bauma akagonga muhuri.
Muhuri ni wa kwaya, lakini ni muhuri.

Kila Jumapili alfajiri Hangi huja na kopo la nyanya
alilolitoboa kwa msumari,
chokaa kidogo, jivu jingi,
anatembea kinyumenyume akilitikisa,
na akilifikia jiwe
mstari unapinda kidogo kwa ndani
kama mtu anayempisha mkwe.

Mimi ndiye mshika kibendera wa upande huo.
Kyakimwa, wa mama muuza sambaza.
Kitambaa nilikikata kwenye koti la mvua la manjano,
kijiti ni cha mwavuli.
Miaka saba nakimbia ubavuubavu, macho uwanjani,
na mguu wangu unalijua jiwe
kuliko unavyoijua ngazi ya kwetu.
Hakuna anayelipa tiketi ili anione mimi.
Tiketi zenyewe hakuna.
Siku yangu njema ni ile ambayo jioni
watu wanabishana kama nilikuwepo.

Siku ya fainali hawakubishana.

Majengo na Himbi, bila kwa bila,
dakika ya themanini na nane.
Winga wetu Musubao,
mtoto niliyembeba mgongoni siku mlima ulipofunguka,
aliyenikojolea njia nzima hadi mpakani,
aliukimbiza mpira hadi pembezoni kabisa.
Ukagonga jiwe.
*Tak.*
Sauti ndogo, kijiko kwenye sahani ya bati.
Ukamrudia mguuni. Krosi. Kichwa. Wavu.
(Wavu wetu ni chandarua. Kwa mara ya kwanza haukupasuka.)

Uwanja mzima uliona bao.
Mimi nilisikia jiwe.

Mkono ulipanda wenyewe.
Sisemi ulikuwa ushujaa; ulikuwa mazoea,
kama unavyodaka kifuniko cha sufuria
kabla hujajua kinaanguka.
Mwamuzi akaja mbio, filimbi bado mdomoni:
«Una hakika?»
Nikamjibu: «Kamati iliandika.»

Musubao hakunitukana.
Aliniangalia mimi, akaliangalia jiwe,
akainama kufunga kamba za kiatu
kilichokuwa kimefungwa.

Himbi walitutoa kwa penalti.
Bauma aliandika daftarini: *Dak. 88, jiwe,*
akapiga mstari chini yake kwa rula.
Mimi nilisindikizwa hadi lami kwa maganda ya miwa
na majina ambayo mama hakunipa.

Nyumbani alikuwa ameshasikia.
Habari za mji huu hupanda chukudu, na njia ni mteremko.
Kesho yake wateja wa Majengo watampita
wakanunue samaki meza ya pili.
Hakuniuliza kitu.
Akanipakulia ugali,
akanihesabia sambaza sita kama jana.
Si saba. Si tano.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Hangi amesimama na kopo lake.
«Kyakimwa, nipitishe mstari upande gani?»
Nikamwambia hiyo ni kazi ya kamati.
Akakohoa, akaendelea kunyunyiza,
kwa ndani, palepale.

Mechi ilikuwa ya watoto, mvua imekaribia,
watazamaji hawafiki ishirini.
Nilikimbia, macho uwanjani,
na mguu wangu ukaruka jiwe
hatua mbili kabla sijalifikia.