Kura ya Tatu

Kikao kilifanyika maktabani,
maana bomba la joto la ofisi kuu lilikufa Jumanne.
Mimi nilikuwa nje na ufagio wangu,
nafagia kipande kilekile cha korido
mara ya nne, mara ya tano.
Mlango wa maktaba haufungi vizuri. Naujua;
mimi ndiye niliyeambiwa niurekebishe.

Miaka thelathini na mmoja Verlyn Haugstad
aliwafunza vijana wetu mpira wa kikapu hapa Halvik,
Dakota Kaskazini: watu mia sita na kumi,
ghala moja la ngano,
makanisa mawili yasiyosalimiana.
Alipostaafu mwezi wa tatu, magoti yamegoma,
aliacha filimbi yake kwenye msumari karibu na swichi,
na hakuna aliyethubutu kuigusa,
utadhani yai.

Wakaja waombaji. Wa kwanza kijana wa Bismarck,
Trent sijui nani, viatu havijawahi kuona matope.
Akafungua kompyuta, akawaonyesha mishale:
huyu akimbilie huku, yule azibe kule.
Mishale mizuri. Ila ilitaka wachezaji kumi na wawili,
nasi tunao tisa, na mmoja ana pumu.

Wa pili alituma barua,
kisha barua nyingine ya kujitoa.

Wa tatu akaingia na koti la kazi,
funguo za basi zikilia kiunoni.
Twyla Brekke. Watu wakatazamana.
Duane, mwenye ghala, akakohoa kile kikohozi chake
ambacho si cha mafua.
"Twyla, hawa ni wavulana. Watakusikia?"

Nikaacha kufagia.

"Duane," akasema, "mwanao ananisikia tangu chekechea.
Kila asubuhi namwambia keti, anaketi.
Najua nani hupanda basi bila kutia kitu tumboni.
Najua nyumba ambayo taa haiwaki,
na mtoto gani huomba nimshushe mwisho
ili achelewe kufika kwao.
Kuzuia nitawafundisha. Nilikucheza humu humu
mwaka ule wasichana tulipofika fainali za jimbo
na ninyi mkaenda kuvua samaki kwenye barafu."

Mtu mmoja alicheka, akajuta.

Wakainua mikono.
Wawili huku. Wawili kule.
Bi Lorna Fosse, mwenyekiti, akavua miwani,
akaifuta, akaivaa, akaivua tena.
Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone
hawajakaa Halvik: hapa mgeni tunamhesabia siku,
mwenyeji tunamhesabia makosa.
Mkono wake ukapanda polepole
kama bendera asubuhi isiyo na upepo,
upande wa Twyla.

Sitasema mji ulishangilia.
Kesho yake kwenye kituo cha mafuta
walisema mengi hadi kahawa ikapoa.
Verlyn mwenyewe aliulizwa. Akajibu tu
kwamba basi la yule mama halijawahi kuchelewa.

Lakini usiku ule wa kura alinikuta ukumbini,
nazima taa moja moja.
Akaitazama filimbi, hakuichukua.
Akasimama kwenye mstari, akarusha mpira.
Ukagonga chuma, ukakataa.
Akaufuata mwenyewe hadi kona ya kushoto,
pale dari linapovuja theluji ya mwisho ikiyeyuka,
pale ndoo yangu ilipokaa miaka minane,
kikapu pekee humu ambacho hakikosi.

"Hii," akauliza, "hujawaambia bodi?"
Nimewaambia, nikasema. Kila mwaka.
Akainua uso, akalifuata tone kwa macho
kutoka darini hadi kwenye ndoo. Likaingia. Na jingine.
"Ngazi iko wapi?"

Saa nne za usiku, na mimi na mgongo wangu huu.
Nikaenda kuleta ngazi.