Utepe wa Kromu

Ni magadi ya ziwa yaliyoula.
Mwaka wa kiangazi kirefu upepo uliyazoa ufukweni
ukayapandisha mpaka Kivumbini, mpaka kwenye kamba zetu za nguo,
na utepe wa madirisha ukashika vidoadoa kama tetekuwanga,
kisha magamba, kisha makali:
ulinichana kidole asubuhi ya ibada
nikaingia kanisani nimefumbata leso yenye damu.
Bosibori akasema, limepofuka hilo, litafutie macho.

Tepe nyingine nilizipata Kisumu, pale Kibuye,
kwa Okwach muuza vyuma,
zimebanduliwa kwenye Pijo moja iliyokufa Ahero.
Zikaja kwa basi ndani ya gunia la mchele,
nne, ndefu, na mojawapo ina kibonyeo
cha ajali nisiyoijua.

"Gari lina umri wa mke wangu wa kwanza," akasema fundi Ambetsa,
"nawe wataka nilipake wanja."
Lakini nilimwona alivyolizunguka.
Hakugusa bisibisi. Alivuka barabara kwa mama wa githeri
akaazima mwiko.
Bisibisi huchubua rangi, alisema; mwiko hubembeleza.
Akauchomeka chini ya utepe, akasukuma, akangoja,
akasukuma tena upana wa ukucha,
na klipu zikaanza kutoka moja moja, tak,
zikilia ndani ya mkebe wa Kimbo.
Kumi na moja. Nilizihesabu. Ni mazoea:
miaka ishirini na sita nilisoma mizani ya pareto kiwandani
na mkono wangu bado hauamini kitu kisichopimwa.

Utepe wa kwanza ukabanduka. Ambetsa akaacha kupiga mluzi.
"Mzee, njoo uone."
Pale ulipokuwa umelala,
pasipoonwa na jua wala sabuni,
palikuwa na mstari mwembamba kama uzi wa kushonea sare,
kijani.

Nyamweya, shemeji yangu, aliniuzia gari hili
mwaka wa themanini na sita, kwa bei ya undugu,
akiapa lilizaliwa jeupe.
Na mimi nakijua kijani hiki.
Kilikuwa kikiegeshwa chini ya dirisha langu:
gari la chama cha wakulima, likileta hesabu za maua makavu
na kurudi na pesa, mpaka siku liliporudi
lisifike. Mto Gucha, walisema. Mafuriko, walisema.
Dereva aliogelea; sanduku halikuogelea.
Karani wa chama alikuwa nani, usiniulize.
Wanawake walishuka kutoka Nyamache na stakabadhi
zenye mwandiko wangu, kilo hizi, gredi hii,
wakaketi ukutani siku tatu,
na mmoja wao alikuwa akiikunja yake na kuikunjua,
akiikunja na kuikunjua,
mpaka tarakimu zikafutika kwenye mkunjo.

Ambetsa hakuuliza. Fundi huona mengi chini ya vitu.
Alishika utepe wa Kisumu kwa ncha za vidole,
akautandika juu ya mlango kama apimaye kitambaa,
akaniangalia.
"Nibandike?"

Mchuuzi wa soksi alipita. Mama wa githeri alidai mwiko wake.

Bandika, nikasema.

Jioni liling'aa mpaka nikaona haya.
Bosibori alitoka na mikono ina unga, akalizunguka,
akainama kwenye kromu, pale penye kibonyeo,
akatengeneza kilemba kwa kifundo cha mkono,
uso wake umevutwa mrefu na chuma kile
mpaka ukafanana na wa kaka yake.
"Sasa linaona," akasema. "Mbona wewe hulitazami?"

Nilikuwa natafuta funguo.
Mfukoni vidole vyangu vilikutana na klipu moja ya zamani,
imevunjika sikio,
na kwenye jino lake lililobaki
chembe ya rangi, haifiki uzito wa mbegu ya mchicha.